PANGO LINA MASIKA YAKE



Kumbuka kisima cha kijijini kwako. Wakati wa kiangazi kamba ya ndoo inatakiwa iwe ndefu. Unashusha, unashusha, mpaka mikono inachoka, na ndoo inapanda na maji nusu, tena yenye tope. Masika yakifika, kamba fupi inatosha. Maji yamepanda yenyewe. Hakuna mtu aliyeyamimina.

Kwa nini iko hivyo? Mvua ikinyesha, maji mengine hutiririka juu ya ardhi mpaka mtoni. Mengine huzama ardhini. Yale yanayozama hujaza nafasi zilizomo kati ya mchanga, udongo na mawe. Kwa hiyo maji ya chini ya ardhi nayo yana majira yake. Yanapanda, kisha yanashuka.

Leo tutajifunza jinsi maji yanavyopanda na kushuka ndani ya mapango. Tutasoma habari ya kweli ya pango moja katika nchi ya Thailand, bara la Asia. Mwaka 2018 watu 13 walifungiwa na maji ndani ya pango hilo. Redio za dunia nzima zilitangaza habari zao. Watu wengi wanakumbuka jinsi walivyookolewa. Sisi tutayaangalia maji yenyewe. Tutaangalia pia kwa nini kuchimba hakukuwasaidia.

Usiseme, "Mimi sina pango, habari hii hainihusu." Je, huchimbi kisima? Je, huna ndugu anayeshuka shimoni kutafuta madini? Basi inakuhusu.

JIWE LINALOLIWA NA MAJI

Mapango mengi makubwa yamo ndani ya mawe ya chokaa. Jiwe la chokaa ni gumu, lakini lina udhaifu mmoja. Linaliwa na maji yenye ukali.

Mvua inapopita hewani na katika udongo, huchukua hewa ya ukaa. Hiyo ni hewa tunayoitoa tunapopumua. Maji hayo huwa na ukali kidogo sana, hata ulimi hausikii. Lakini jiwe la chokaa linausikia.

Fanya jaribio hili nyumbani. Weka vipande vya ganda la yai ndani ya kikombe. Kamulia ndimu mpaka vifunikwe. Baada ya muda mfupi utaona viputo vidogo vidogo. Ndimu inalila ganda. Ukiliacha muda mrefu, litakuwa jembamba na laini. Ganda la yai na jiwe la chokaa vimefanywa kwa kitu cha aina moja.

Mlimani ni hivyo hivyo, ila ni polepole mno. Maji hupenya katika ufa mdogo. Yanaula mwamba kidogo kidogo kwa maelfu na maelfu ya miaka. Ufa unakuwa mfereji. Mfereji unakuwa njia. Njia inapanuka na kuwa ukumbi. Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, nayo yamo katika mawe ya chokaa.

Basi shika jambo hili: pango ni njia ya maji. Maji ndiyo yaliyolichimba. Mtu anaweza kuingia wakati maji hayapo, lakini yeye ni mgeni. Mwenye nyumba atarudi.

PANGO LA THAM LUANG

Kaskazini ya Thailand, katika mkoa wa Chiang Rai, mpakani na nchi ya Myanmar, kuna safu ya milima. Ukiitazama kwa mbali, inafanana na mwanamke aliyelala chali. Wenyeji wanaiita milima ya Mwanamke Aliyelala. Chini yake kuna pango la Tham Luang. Njia zake zina urefu wa kilometa 10 hivi.

Njia hizo hazikunyooka kama barabara. Zinapinda, zinapanda na kushuka. Mahali pengine ni ukumbi mpana. Mahali pengine mtu hutambaa kwa tumbo. Nafasi moja nyembamba kabisa ina kimo cha sentimeta 38 tu.

Kule mvua huanza mwezi Mei na kuendelea mpaka Oktoba. Wakati wa ukame watu huingia pangoni na kutembea kwa miguu. Wakati wa mvua njia hujaa maji. Kwa sababu hiyo, mdomoni mwa pango kuliwekwa kibao cha onyo. Kibao kilisema kwamba pango hufurika kuanzia Julai mpaka Novemba.

Tarehe 23 Juni 2018, wavulana 12 wa timu moja ya mpira wa miguu walimaliza mazoezi yao. Walikuwa na umri wa miaka 11 mpaka 16. Waliongozana na mwalimu wao msaidizi, kijana wa miaka 25. Wakapanda baiskeli wakaenda pangoni. Waliziacha baiskeli nje, wakaingia. Walitaka kutembea kwa muda wa saa moja tu, halafu warudi nyumbani.

Angalia tarehe, ndugu msomaji. Julai ilikuwa bado siku 8. Kwa maneno ya kibao, wakati wa hatari ulikuwa haujafika. Lakini mwaka ule mvua kubwa haikungoja Julai. Walipogeuka kurudi, njia ilikuwa imeziba kwa maji.

Hatuwalaumu watoto. Jifunze tu hili: kibao kinakueleza desturi ya majira. Hakiwezi kukueleza mvua ya leo. Soma kibao, halafu soma na mawingu.

KWA NINI MAJI YALIWAFUNGIA?

Huenda unajiuliza: kama walikuwa mahali pakavu, kwa nini hawakutoka?

Fanya jaribio la pili. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Shika ncha zote mbili juu, acha katikati ining'inie. Mimina maji kidogo. Maji yatakaa chini katikati. Ncha zote mbili ni kavu, sivyo? Lakini sisimizi aliye upande huu hawezi kwenda upande ule bila kuzama.

Pango la Tham Luang lilikuwa hivyo. Pale njia iliposhuka, maji yalijaa mpaka darini. Pale ilipopanda, palikuwa na ukavu na hewa. Mwalimu alijifunga kamba akapiga mbizi kutafuta njia, akashindwa. Maji yakazidi kupanda. Ikabidi wote waende ndani zaidi, wakitafuta mahali pa juu. Walipanda kwenye mteremko wa tope na mawe, kilometa 4 hivi kutoka mlangoni. Wakakaa humo gizani.

Jambo lingine. Maji ya pangoni hayafuati mvua ya mlangoni peke yake. Yanafuata mvua iliyonyesha juu mlimani, mbali na pale. Sisi tunalijua hili. Mara ngapi korongo limeshuka na maji mekundu, na kijijini kwetu hata tone halikuanguka? Tena mvua ikikatika, pango haliachi kupokea maji. Maji yaliyokwisha kuzama mlimani yanaendelea kushuka. Kwa hiyo jua likiwaka nje, usidhani ndani ni salama.

KUCHIMBA GIZANI

Wale vijana hawakukaa wakilia tu. Hawakuwa na chakula, lakini waliyakataa maji machafu ya mafuriko. Walikunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye kuta za mwamba. Walipunguza kutumia tochi zao. Na walichimba. Kwa zamu, waliokota mawe wakachimba ukuta wa pango, wakitumaini kupata njia ya kutokea.

Walichimba mita chache. Hawakutokea popote.

Nje nako watu walichimba. Wakuu wa kazi walisema kwamba mashimo zaidi ya 100 yalitobolewa mlimani kutoka juu. Mengine yalifika mita 400 kwenda chini. Hata hivyo hayakuwafikia vijana.

Kwa nini kuchimba kulishindwa, juu na chini? Sababu ni 3.

Kwanza, mwamba ulikuwa mnene. Juu ya vichwa vya vijana kulikuwa na mamia ya mita za jiwe. Mtu mwenye njaa na jiwe mkononi hawezi kuushinda mlima.

Pili, hakuna aliyejua mahali hasa pa kulenga. Waliokuwa juu hawakujua vijana wako chini ya sehemu gani. Waliokuwa chini hawakujua nje iko upande gani. Shimo likikosea mita chache tu, limekosea kabisa.

Tatu, adui hakuwa mwamba. Adui alikuwa maji. Njia ilikuwapo tayari, ile ile waliyoingilia. Kilichohitajika ni kuyashusha maji yaliyoiziba, si kutoboa njia mpya.

KUSHUSHA MAJI

Basi kazi kubwa ikawa ni kushindana na maji. Kazi hiyo ilifanyika mahali pawili.

Ndani ya pango waliweka pampu. Pampu zilifanya kazi usiku na mchana. Kazi ilipokwisha, maji yaliyotolewa yalikuwa zaidi ya lita 1,000,000,000, yaani lita bilioni moja.

Juu mlimani watu walitafuta mahali maji yanapoingilia. Waliona vijito vinavyopotea katika mashimo ya ardhini. Waliviziba, na kuyaongoza maji kwa mabomba na mifereji ili yasiingie pangoni. Hii ni akili ya kawaida kabisa. Kama paa linavuja, huwezi kukaa ukichota maji sakafuni tu. Lazima upande ukazibe tundu.

Lakini maji yakitolewa hapa, lazima yaende pale. Maji ya pampu yalimwagikia mashamba ya mpunga ya wanavijiji wa bonde lile. Mimea iliyokwisha pandwa ilizama. Serikali iliwaahidi fidia. Wako wakulima waliokataa kuichukua. Walisema mpunga utapandwa tena, lakini watoto hawapatikani tena. Sisi wakulima tunajua uzito wa maneno hayo. Msimu mmoja wa shamba ni chakula cha mwaka mzima.

Tarehe 2 Julai, wapiga mbizi wawili kutoka Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliibuka majini katika ukumbi ule. Wakamulika. Wakawaona wote 13, wamekonda lakini wazima. Walikuwa wamekaa siku 9 bila chakula.

KUTOKA

Kuwaona ni jambo moja, kuwatoa ni jingine. Wengine walishauri wangojee humo humo mpaka maji yashuke. Ingekuwa miezi kadhaa. Lakini hewa ilikuwa inaharibika. Katika hewa ya kawaida, oksijeni ni sehemu 21 katika kila 100. Mle pangoni ilikuwa imeshuka mpaka 15. Na mvua nyingine kubwa ilikuwa inakuja.

Kazi hiyo ilidai uhai wa mtu. Tarehe 6 Julai, Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa wanamaji, alikufa chini ya maji. Alijitolea mwenyewe kupeleka mitungi ya hewa. Alikuwa njiani kurudi. Mwanamaji mwingine aliambukizwa ugonjwa wa damu katika kazi hiyo. Naye alikufa mwezi Desemba 2019.

Pampu zilipokuwa zimeshusha maji kwa kiasi, waokoaji waliona nafasi ndogo imepatikana. Nafasi hiyo isingedumu. Daktari mmoja wa Australia, Richard Harris, aliwapa vijana dawa ya usingizi ili wasitaharuki majini. Walivikwa vifuniko vya uso vyenye hewa, na wapiga mbizi wakawavuta mmoja mmoja. Tarehe 8 Julai walitoka 4. Tarehe 9 walitoka 4. Tarehe 10 walitoka 5 wa mwisho, mwalimu akiwemo. Wote walikuwa hai.

Sasa sikia jambo la mwisho. Saa chache baada ya mtu wa 13 kutoka, pampu kubwa iliharibika. Wafanyakazi walikuwa bado ndani wakikusanya vyombo. Maji yakapanda kwa kasi. Watu walikimbia kuelekea mlangoni, wakasalimika. Unaona? Maji hayakuwa yameshindwa. Yalikuwa yamezuiwa kwa muda tu.

SOMO HILI KWETU

Hapa Tanzania, huko Mererani, watu huchimba tanzanaiti. Wanachimba njia ndefu chini kwa chini, na njia za mashimo mengine hukutana. Mwezi Aprili 1998 mvua kubwa iliingiza maji katika mashimo hayo. Makumi ya wachimbaji walikufa. Mwezi Machi 2008 ikatokea tena. Makumi wengine walikufa.

Angalia miezi hiyo: Machi na Aprili. Ni masika. Mlango mmoja ukipokea maji, wa jirani nao yuko hatarini, maana huko chini njia zimeungana. Mtu aliye chini hasikii ngurumo wala haoni wingu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujauliza "Nichimbe wapi?", uliza kwanza "Maji yanapanda lini?"

Mambo ya kufuata:

1. Usiingie pangoni wala shimoni wakati wa mvua. Hata kabla ya majira yake, mawingu yakikusanyika juu ya mlima, toka.

2. Aingiaye amwambie mtu wa nje anaingia wapi na atarudi saa ngapi. Abaki mtu juu wa kutazama hali ya hewa na kutoa ishara.

3. Shimo la kazi likingwe kwa tuta, na mfereji uchimbwe kuyaepusha maji ya mvua. Tuta lijengwe kiangazi, si siku mvua inaponyesha.

4. Kisima kichimbwe mwishoni mwa kiangazi. Wakati huo maji yako chini kabisa. Ukiyafikia hapo na kupita kidogo, kisima hakitakauka mwaka wa kawaida. Ukichimba masika utayapata maji haraka na kufurahi, lakini kiangazi ndoo itagonga tope.

5. Usishushe pampu ya petroli au dizeli ndani ya kisima au shimo. Moshi wake unaua haraka, hata kama maji ni kidogo.

6. Mtu akianguka shimoni, usimfuate mbio mbio. Hewa mbaya iliyomwangusha yeye itakuangusha na wewe. Ita watu, leteni kamba.

MANENO MAPYA

Hewa ya ukaa – hewa tunayoitoa tunapopumua.
Kupiga mbizi – kuogelea chini ya maji.
Mdomo wa pango – mahali pa kuingilia.
Oksijeni – sehemu ya hewa inayotufanya tuishi.
Taharuki – kushikwa na hofu ya ghafla.
Ufa – mpasuko mwembamba katika jiwe au ukuta.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini kamba ya kisima inahitajika ndefu kiangazi na fupi masika?

2. Kibao cha Tham Luang kilitaja Julai. Vijana waliingia Juni. Kwa nini walifungiwa na maji?

3. Taja sababu 3 zilizofanya kuchimba kusiwasaidie.

4. Kama shamba lako lingekuwa chini ya mlima ule, ungechukua fidia au ungeikataa? Kila mtu aeleze sababu zake.

5. Katika kijiji chenu ni visima vingapi hukauka kiangazi? Vilichimbwa mwezi gani? Waulizeni wazee.

ZOEZI LA HESABU

1. Vijana waliingia tarehe 23 Juni. Wa mwisho walitoka tarehe 10 Julai. Zilipita siku ngapi? (Juni ina siku 30.)

2. Siku ya kwanza walitoka watu 4, ya pili 4, ya tatu 5. Jumla ni wangapi?

3. Pimeni kamba ya kisima chenu mwezi huu, mpaka inapogusa maji. Andikeni tarehe na kipimo ukutani au katika daftari. Pimeni tena kila mwezi kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka mtakuwa na kibao chenu wenyewe cha majira ya maji, kilichoandikwa kwa mikono yenu.

Majibu: 1. Siku 17. 2. Watu 13. Jibu la 3 liko kisimani kwenu.